Chini ya Kumi

Leo ni tarehe mosi Oktoba, na kikomo ni saa sita mchana.
Wilaya inataka namba. Mashine ya kahawa inakoroma,
nje mahindi yamekaukia shambani yakingoja kuvunwa,
na mimi, Lorraine Kovarik, karani kwa mwaka wa ishirini na sita,
nimeketi na visanduku vyangu saba.

Wanafunzi mia nne na kumi na wawili, darasa la sita hadi la nane.
Wahispania, ndivyo jedwali linavyosema,
ingawa Wilmer Tzoc alipofika hakujua Kihispania;
alikuja na Kikiche tu
na koti la kaka yake lililomfika magotini.
Nilimweka humo. Pengine pa kumweka hapakuwa.

Waasia, hamsini na mmoja. Wamo ndugu watatu,
baba mmoja, mama mmoja, majina ya ukoo matatu:
Doh, Wah, Ku.
Wakareni hawana jina la ukoo, na fomu haikubali pengo,
basi nikayakata majina yao kama mkate,
kila mtoto na kipande chake cha mwisho.
Mama yao alitazama, akatabasamu, akatia sahihi.
Hadi leo watu wa posta hawaamini kuwa ni nyumba moja.

Lijon Jorbon alichungulia skrini yangu.
"Mtu wa Visiwa vya Pasifiki? Mimi?
Bahari sijaiona. Nilizaliwa Mtaa wa Tano, nyuma ya kiwanda cha nyama."
Nikamwambia, "Hata hivyo."
Alicheka hadi kengele ikalia.

Weupe, mia moja na thelathini.
Nilipoanza kazi walikuwa mia tatu na sabini.
Watu hunisimamisha dukani, sauti chini:
"Tumebaki wangapi?"
Nani, nawauliza, nikijifanya natafuta sarafu.
Aje mgeni, mwenyeji apone:
bila watoto wa kiwanda, jengo hili lingekuwa ghala la mbegu.
Bibi yangu alichapwa viganja humu humu
kwa kusema Kicheki kwenye foleni ya maji.
Sasa sisi ni weupe, tumeenea kisandukuni,
na hakuna anayeuliza nini kilikatwa tukaenea.

Kisha ipo kanuni ya kinyota.
Wakiwa chini ya kumi, namba haiandikwi;
huwekwa kinyota, ili mtoto asitambulike.
Wenyeji wa asili: *
Kinyota hicho ni Dawnelle Lasley wa darasa la saba,
mpiga tarumbeta, anayemaliza karoti kwanza,
Mwomaha, ambaye wazee wake walifuata nyati hapa
kabla ya uzio, kabla ya wilaya.
Shule nzima inamjua. Jedwali peke yake ndilo halimjui.

Najumlisha. Asilimia mia moja nukta moja.
Najumlisha tena. Ile ile.
Kuna chembe ya mtoto imezidi, namwambia mkuu wa shule.
"Ni makadirio tu," Bwana Haverkamp anajibu, mdomo umejaa andazi. "Tuma."

Saa tano na dakika hamsini mlango ukafunguka.
Mwanamume wa zamu ya usiku, buti zinanuka klorini,
nyuma yake binti mwenye mkoba mpya,
bei bado inaning'inia.
Kalamu ya baba ilifika kwenye visanduku ikasimama.
Akanitazama. Kidole chake kikapita juu ya vyote saba,
kikarudi.

Sikumwonyesha. Nilimgeukia binti nikamuuliza jina.
Akalitaja. Nikalikosea.
Akalitaja tena, taratibu,
kama mtu anayemshika mtoto mkono kwenye ngazi.
Mara ya nne akaitikia kwa kichwa.

Nilituma saa sita na dakika nne.
Mia nne na kumi na watatu.
Kisanduku chake nimekiacha wazi.
Kesho watapiga simu.